Anayetaka kunioa hanisisimui, anayenipotezea ndiye ninayemuota

*Barua ya msomaji*

Shikamoo dada,

Nina miaka 29, nauza duka la dawa hapa Morogoro mjini. Sijaolewa, sina mtoto. Nyumbani wameanza maneno yao, ila hayo nimeyazoea. Linalonikosesha usingizi ni jingine.

Kuna wanaume wawili. Wa kwanza ni mpima ardhi, tunaimba naye kwaya moja, tunafahamiana mwaka wa pili sasa. Ameshanitamkia kwamba nia yake ni ndoa. Akisema atapiga saa mbili usiku, anapiga saa mbili. Mama alipolazwa siku nne alikuja hospitali zote nne, na hakuja mikono mitupu. Hanywi, ananisikiliza, mshahara wake naujua kwa sababu aliniambia mwenyewe bila kuulizwa. Anataka kumtuma mshenga nyumbani baada ya miezi mitatu. Shida, dada, sisisimki. Akipiga napokea kama napokea simu ya kaka yangu.

Wa pili yuko Dar, anafunga taa na muziki kwenye masherehe. Tulikutana mwaka jana kwenye harusi ya rafiki yangu. Huyu akinitumia "mambo" tu, mikono inatetemeka. Tukianza kuongea tunafika saa nane usiku. Halafu anapotea. Siku tatu, siku tano, wiki. Tiki za bluu naziona, status anaweka, mimi hanijibu. Nikishakata tamaa kabisa anaibuka, "nilikuwa bize mrembo wangu," na mimi nasahau yote. Mara mbili amesema anakuja Moro, hakuja. Sijui anaishi na nani. Nikigusia ndoa ananiambia tusikimbizane.

Rafiki yangu anasema nikiolewa na mtu nisiyemtamani nitamkimbia kitandani kila usiku. Mama anasema mapenzi yanakuja ndani ya nyumba, hata yeye baba hakumpenda mwanzoni. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, nimekua nikimsubiri barazani. Kuna mtu mtandaoni kasema ndiyo maana navutiwa na wanaume wa kupotea. Ni kweli? Nimsubiri wa Dar abadilike, au nikubali posa? Na hisia zinaweza kuja kwa mtu ambaye hazikuwepo?

Njia Panda, Morogoro

*Jibu*

Marahaba mdogo wangu.

Nianze na swali lako la mwisho. Ndiyo, hisia huweza kuja kwa mtu ambaye hazikuwepo, ila si kwa kila mtu, na haziji kwa kukaa kuzisubiri. Ndani ya wiki nane unaweza kujua kama ziko njiani au hazipo, na hatua zake nitakupa. Lakini wiki hizo hazitakuwa na maana yoyote endapo wa Dar ataendelea kukaa kwenye simu yako, kwa hiyo tummalize huyo kwanza.

Unaichukulia mikono kutetemeka kama ushahidi kwamba wa Dar ndiye unayempenda. Mwili wako unasema kitu kidogo kuliko hicho: haujui kitakachotokea. Mwaka 2003 watafiti waliopima seli za dopamini kwenye ubongo wa tumbili waliona kwamba mnyama akiwa na uhakika wa kupewa sharubati, seli hizo hutulia katika muda wa kuisubiri. Akiwa na uhakika kwamba hapati, hutulia vilevile. Zilichachamaa kuliko wakati wowote pale nafasi ilipokuwa nusu kwa nusu. Ni mpangilio huohuo unaomkalisha mtu kwenye mashine ya kamari ya sarafu mpaka nauli iishe: mashine haitoi nyingi, ila hajui itatoa lini. "Mambo" ya wa Dar ni neno lilelile analokutumia kila mtu. Linakuja likiwa limebeba siku tano za kusubiri, na uzito unaousikia ni wa zile siku tano.

Kwa binadamu pia limepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwaonyesha wanafunzi wa kike 47 kurasa za Facebook za wanaume waliodaiwa kuwa wamezipitia kurasa zao. Kundi la kwanza liliambiwa wanaume hao wamewapenda sana, la pili kwamba wamewapa alama za wastani, la tatu kwamba haijulikani ni lipi kati ya hayo mawili. Waliovutiwa zaidi, na waliowawaza zaidi baadaye, walikuwa wale wasiojua. Wengi husoma matokeo haya wakaishia hapo, wakatoka na ushauri wa kijinga kwamba mwanaume ajifiche ili apendwe. Wanaruka nusu ya pili: walioambiwa wamependwa sana nao walivutiwa kuliko walioambiwa wastani. Kupendwa waziwazi hakuui mvuto. Kwa hiyo uwazi wa mpima ardhi si sababu ya ubaridi wako, ipo nyingine, nitaifikia.

Mwanasaikolojia Dorothy Tennov, aliyehoji mamia ya watu kuhusu hali hii ya kuzimia mtu na kuchapisha kazi yake mwaka 1979, aliona kwamba inakula vitu viwili kwa pamoja: matumaini na shaka. Ukiondoa kimojawapo, inadhoofika. Mara nyingi hudumu kati ya miezi 18 na miaka mitatu, na huisha kwa njia tatu: unayemtaka anakukubali moja kwa moja na mambo yanakuwa ya kawaida, matumaini yanakosa chakula kabisa, au moyo unahamia kwa mwingine. Wa Dar anakulisha kijiko kimoja kila wiki mbili. Kwa kipimo hicho unaweza kufika miaka 32 bado unazitazama tiki za bluu.

Hebu uondoe msisimko kwenye hesabu, uone kinachobaki. Umemfahamu tangu mwaka jana na hujui analala wapi na nani. Ameahidi kuja mara mbili na hakuja, wakati tangu Juni 2024 treni ya SGR inatoka Dar na kufika Morogoro chini ya saa mbili. Ndoa haitaki kuizungumza. Ninavyoiona mimi, huyu ana mtu, au hana mtu ila wewe ni wa akiba. Naweza kuwa namsingizia. Ndiyo maana unapaswa kumuuliza mara moja, kwa maandishi, bila lawama na bila vikatuni vya moyo:

"Habari. Naomba unijibu mambo mawili kabla ya Ijumaa. Una mke au mwanamke unayeishi naye? Na Jumamosi hii unaweza kuja Moro?"

Basi, usiongeze neno. Akikujibu la kwanza kwa mzaha, akikujibu la pili kwa "tutaona", au akinyamaza mpaka Ijumaa ipite, hayo ndiyo majibu yake. Akija kweli Jumamosi, na akakuonyesha maisha yake bila kuficha, niandikie tena tuzungumze upya. Sitegemei.

Akishindwa, unamkata kwa wiki zote nane, siyo "kupunguza mawasiliano". Futa namba, futa mazungumzo yote, zinyamazishe status zake usiziangalie hata kwa kuibia. Tarajia mambo mawili. La kwanza, siku za mwanzo hamu itapanda kabla ya kushuka, hasa kuanzia saa nne usiku, muda mliozoea. Simu ilale sebuleni, ununue saa ya mezani ya kukuamsha ili usiwe na kisingizio. La pili, yeye mwenyewe akiona kimya ataongeza nguvu: atapiga mchana, atatuma sauti, pengine ndiyo mara ya kwanza atasema amekumiss hadi anaumwa. Hapo ndipo wengi wanaanguka, na kuanguka hapo ni kubaya kuliko kutokuanza. Ukivumilia siku kumi halafu ukajibu ya kumi na moja, umeufundisha ubongo wako kwamba hata siku kumi za kusubiri hulipa, na umemfundisha yeye kwamba akisukuma vya kutosha mlango unafunguka. Safari ijayo itakuchukua muda mrefu zaidi kuacha.

La baba yako nilipitie haraka. Utafiti wa uhusiano wa mtoto na mlezi una mizizi jirani hapa: mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akiangalia watoto wachanga wanavyomtumia mama kama kituo cha kutokea kwenda kuichunguza dunia na kurudi. Mwaka 1987 Hazan na Shaver wakalipeleka wazo hilo kwenye mapenzi ya watu wazima. Uhusiano kati ya ulivyolelewa na unayempenda ukubwani upo, lakini ni hafifu, na hauwezi kusomwa kwa mtu mmoja kutoka kwenye sentensi moja ya mtandaoni. Isitoshe baba yako alikuwa kazini, na alirudi. Wa Dar angemsisimua hata binti wa karani wa posta aliyekuwa anafika nyumbani saa kumi na moja kila siku. Mwache mzee apumzike.

Sasa mpima ardhi.

Umeandika kwamba husisimki. Hujaandika kwamba anakukera, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Jipime kwa vitu vidogo. Mkiwa mmekaa benchi moja kwenye mazoezi, bega lake likigusa lako, unasogea? Harufu yake unaijua, na ukiikumbuka unakunja uso? Sauti yake akila, anavyocheka, mikono yake: kuna kimoja kinachokufanya utamani kuondoka? Na mwisho, fikiria Jumapili moja anatangazwa kanisani na msichana mwingine wa kwaya. Unapumua kwa kufarijika, au kuna kitu kinakuchoma?

Kama mwili unamkataa, yaani unasogea, unakunja uso, unafarijika, ishia hapo. Karaha ya mwili haitibiwi na heshima, na ndoa huizidisha. Mwambie mapema, usiendelee kusoma mpango wangu. Lakini kama jibu ni "hapana, hakuna kitu, ni kawaida tu", au kile kitu kilikuchoma, basi una ubaridi, na ubaridi huwa una sababu.

Sababu yako naiona ndani ya barua. Mpima ardhi umemwona kwenye kwaya, umemwona hospitalini, umemsikia kwenye simu saa mbili usiku. Kote huko kuna wazee, wagonjwa au ratiba. Hujawahi kuwa naye mahali ambapo wewe ni mwanamke na yeye ni mwanaume. Mmekuwa sauti ya pili na besi. Kuzoeana nako kumeshafanya kazi yake. Mwaka 1992 Moreland na Beach waliwatuma wanawake wanne wakae kwenye darasa la chuo bila kuzungumza na mtu, mmoja vipindi 15, wengine 10 na 5, mmoja hakwenda kabisa. Aliyeonekana mara nyingi ndiye aliyepewa alama za juu za kuvutia. Miaka miwili ya mazoezi ya kwaya imeshapita vipindi hivyo mbali sana. Kumwona zaidi katika mazingira yaleyale hakutaongeza kitu. Kinachotakiwa ni kubadilisha mazingira.

Na usidhani kuanza kwa urafiki ni jambo la ajabu. Katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2021, zilizohusisha karibu watu 1,900, theluthi mbili walisema uhusiano wao ulianzia kwenye urafiki, na kwa wanafunzi waliohojiwa urafiki huo ulikuwa umedumu karibu miezi 22 kwa wastani kabla ya kugeuka. Mnakaribiana nao.

Hatua ya kwanza ni kumwambia, kwa sababu mpango huu haufanyiki kwa siri. Maneno yawe kama haya: "Nia yako nimeisikia na naiheshimu. Kabla mshenga hajaja nyumbani naomba tukutane mara nane, mimi na wewe, nje ya kwaya. Nataka nikujue kama mwanaume, siyo kama mwanakwaya mwenzangu. Baada ya hapo nitakupa jibu langu mwenyewe." Mwanaume anayepima viwanja anaelewa maana ya kupima kabla ya kuweka bikoni. Usimwambie "sina hisia na wewe". Ukimwambia hivyo atatumia wiki nane kuigiza, na utakutana na mwigizaji. Habari za wa Dar huna lazima ya kuzisimulia maana hukuahidiana naye kitu, ila akikuuliza kama kuna mtu, usidanganye.

Mara nane ndani ya wiki nane, saa mbili hadi nne kila mara. Aina za kukutana ndizo zenye kazi.

Mara mbili au tatu ziwe za mwili kufanya kazi na jambo geni kwenu wote wawili. Una mlima mgongoni: pandeni Uluguru mpaka Morningside asubuhi ya Jumamosi. Sababu yake ni hii. Mwaka 1974 Dutton na Aron walimweka msichana kwenye daraja la kamba la Capilano, Canada, lililoning'inia juu ya korongo refu, awahoji wanaume wanaovuka na kuwapa namba ya simu. Kati ya 18 waliopokea namba juu ya daraja hilo, 9 walipiga. Kwenye daraja imara la chini walipiga 2 kati ya 16. Moyo unaokwenda mbio kwa sababu ya kimo huhesabiwa kwa aliyesimama mbele yako. Lakini usiogope kwamba unajidanganya, kwa sababu utafiti wa mwaka 1981 uliwakimbiza wanaume mahali pamoja bila kusogea, kwa dakika mbili au sekunde 15, kisha ukawaonyesha video ya mwanamke. Waliokimbia dakika mbili walimwona mrembo kuwa mrembo zaidi, na asiyevutia wakamwona havutii zaidi. Mlima hautaumba kitu ambacho hakipo. Utakikuza kilichopo, kiwe hamu au karaha, na wewe unataka kukiona kikiwa kikubwa. Mkirudi chini mmechoka na mmeloa jasho, sikiliza mwili unataka akae karibu au mbali.

Mara mbili ziwe za mazungumzo marefu, simu zote mbili zimezimwa. Hapa wengi huharibu kwa kufanya usaili: mmoja anauliza, mwingine anajibu. Mwaka 1997 Arthur Aron na wenzake walikutanisha watu wasiofahamiana kwa dakika 45 na maswali 36 yaliyopangwa kutoka mepesi hadi mazito, kila swali wakijibu wote wawili. Walitoka wakijisikia wa karibu kuliko waliopewa maswali ya soga. Nguvu ilikuwa kwenye zamu na kupanda taratibu. Tungeni ya kwenu. Dakika 15 za mwanzo: siku gani ya wiki unaichukia na kwa nini. Dakika 15 za kati: jambo gani nyumbani kwenu hutaki lirudiwe kwenye nyumba yako. Za mwisho: mara ya mwisho ulilia lini, na nani alijua. Usiruke moja kwa moja kwenye la kulia. Ukiruka atakupa jibu la kujikinga.

Mara moja au mbili fanyeni kazi inayoweza kuharibika: kupika chakula cha watu 20, kusafirisha mzigo kwenda kwa bibi, kupaka rangi chumba. Mtu asiyekosea saa mbili usiku hujawahi kumwona akiwa amekosea. Rangi ikimwagika, angalia anamlaumu nani, na baada ya kukwaruzana nani anarudi kwanza, kwa maneno gani, baada ya muda gani. Mara zilizobaki ziwe za kawaida tu, soda na mishikaki.

Kuhusu kugusana, kushikana mkono na kukumbatiana wakati wa kuagana kunatosha kukupa taarifa unayoihitaji. Zaidi ya hapo mipaka unaijua wewe na dhamiri yako. Lakini usikae wiki nane bila hata mkono, maana unachopima kiko kwenye ngozi.

Nunua daftari dogo. Kila mkutano andika namba tatu, kutoka 0 hadi 10: unavyotamani kwenda, saa moja kabla hujatoka, unavyojisikia huru ukiwa naye, ukifika nyumbani, na unavyotamani kumwona tena, kesho yake asubuhi kabla hujaongea na mtu. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuamini kuliko zote, kwa kuwa ya usiku huchanganyika na uchovu na shukrani. Usitafute kumi. Tazama mwelekeo. 2, 2, 3, 3, 5, 4, 6, 6 ni mtu anayechipua. 3, 2, 2, 3, 1, 2 ni jibu pia, hata kama alikununulia viatu.

Hapo kwenye shukrani tukae kidogo. Siku nne hospitalini umeziandika vizuri kuliko kitu kingine chochote kuhusu huyu bwana, na naona zinakukaba. Deni la wema hufanana na upendo kwa nje na huua hamu kwa ndani, kwa sababu mtu anayekudai huwezi kumtamani kwa uhuru. Dawa yake ni ya kifedha: katika mara nane, lipa wewe mara nne. Nauli, chakula, kila kitu. Akikataa kabisa kulipiwa hata soda, hilo nalo andika.

Kosa jingine ni kulinganisha. Utarudi kutoka kwa mpima ardhi ukakumbuka saa nane za usiku za Dar, na kila kitu kitaonekana maji ya uvuguvugu. Ndiyo maana nilikwambia umkate wa Dar kwanza. Wiki mbili au tatu za mwanzo utakuwa bado na arosto, na namba zako zitakuwa za chini kwa sababu hiyo tu. Usiamue lolote kabla ya mkutano wa tano.

Mama yako na rafiki yako kila mmoja ana nusu. Mwaka 1982 watafiti wawili huko Jaipur, India, waliwahoji jozi 50 za wanandoa; waliooana kwa kupangiwa walianza na mapenzi madogo, na baada ya miaka mitano walikuwa wamewapita waliochaguana. Mama angefurahi kuusikia. Lakini ni jozi 50 tu za mji mmoja, na utafiti wa mwaka 2012 wa Wahindi waishio Marekani haukuona tofauti yoyote kati ya makundi hayo. Kwa hiyo mapenzi huweza kuja ndani ya nyumba, kama yalivyokuja kwa mama, na huweza kutokuja. Kisha mwaka 2020 zikaunganishwa takwimu za tafiti 43, zaidi ya jozi 11,000 za wapenzi, kutafuta nini hutabiri mtu kuridhika na uhusiano wake. Cha kwanza kilikuwa kuona kwamba mwenzako amejitoa kwako. Cha pili, kuthaminiana. Cha tatu, kuridhika kitandani. Halafu kuona kwamba mwenzako naye ameridhika, na namna mnavyogombana. Wa Dar anafeli la kwanza kabla hata ya kengele. Mpima ardhi anafaulu mawili ya mwanzo, na la tatu ndilo hulijui. Rafiki yako yuko sahihi kwamba hilo la kitandani si anasa. Amekosea kudhani kwamba kutetemeka mikono ndiko kunakolipima.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza na wewe kwa kazi yako unapaswa kulijua. Kabla ya mahari kutajwa, pimeni wote wawili VVU na selimundu. Baadhi ya vipimo vya haraka vya selimundu huonyesha tu kwamba hemoglobini S, ile ya selimundu, ipo. Havimtofautishi aliyebeba kinasaba na mgonjwa, kwa hiyo ombeni kile cha kutenganisha aina za hemoglobini. Mkiwa mmebeba wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Hilo halizuii ndoa, ila ni la kulijua kabla wazee hawajakaa. Na madeni: akuambie ana mkopo gani benki na anakatwa kiasi gani. Mshahara aliokutajia ni wa kabla ya makato au baada?

Wiki ya nane ikifika na namba za asubuhi zimepanda, mwambie mshenga aje, na mama usimsimulie daftari. Zikiwa zimebaki chini, mwambie mpima ardhi wewe mwenyewe, uso kwa uso, kabla barua ya posa haijaandikwa. Barua ikishapokelewa nyumbani utakuwa unaukataa ukoo mzima na wajomba zake. Mwambie: "Nimekupa wiki zote nane na nimejipima kwa uaminifu. Nakuheshimu, lakini sikutamani kama mke anavyopaswa kumtamani mumewe, na sitaki uje kulijua hilo ndani ya nyumba." Ataumia. Kwaya mhame kwa miezi michache, wewe au yeye, na usimpigie saa mbili usiku kumuuliza anaendeleaje. Na akiuliza kama kuna mwingine, jibu lako kwa wakati huo litakuwa rahisi kulitoa, maana wa Dar utakuwa umeshammaliza wiki nane zilizopita.